Nilijua Bahari Imefungwa, Wageni Sikuwaambia

Kwako Shangazi Ripeka,

Nisome mpaka mwisho ndipo unikasirikie, maana najua utanikasirikia, na mimi mwenyewe nimejikasirikia mwaka mzima na haijanisaidia kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mjane, watoto wangu wako Brisbane na maisha yao, na nilichobaki nacho hapa kijijini ni nyumba ninayoishi na nyumba ya pili, ile ya mbao ya rangi ya buluu aliyoijenga marehemu baba yangu juu ya mwamba, ambayo naipangisha kwa watu wa mapumziko wanaokuja kujipikia wenyewe. Si hoteli, Shangazi, ni nyumba ya kawaida, mgeni anakuta vitanda, sufuria, mtungi wa gesi na tangi la maji ya mvua, duka liko mwendo wa dakika arobaini kwa gari na simu haishiki mpaka upande pale kwenye tangi, kwa hiyo anakuja na vyakula vyake, anapika, anaosha vyombo, anaondoka. Kwenye mlango wa friji nimebandika karatasi ya maelekezo, oga upesi maji ni ya tangi, takataka zako ondoka nazo, ukitaka kitoweo kome wako mwambani chini ya ngazi, ndoo na kisu utavikuta chini ya sinki. Hilo la kome ndilo wageni wanalolipenda kuliko yote, ndilo wanalolisifia mtandaoni wanapotoa zile nyota zao, na naomba uikumbuke karatasi hiyo kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka hapo, ni Dada Kararaina. Namwita dada ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, kanipita miaka saba, ndiye aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu na ndiye aliyelala nami kitanda kimoja wiki nzima nilipofiwa na mume, na ufunguo wa akiba wa nyumba ya buluu ulitundikwa kwenye msumari jikoni kwake tangu baba yangu yuko hai, miaka thelathini na zaidi, mgeni akijifungia nje na mimi sipo alikuwa anakwenda kugonga kwake. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Rewi, dereva wa basi la shule, kijana wa miaka thelathini na nne mwenye mzaha mwingi, watoto walikuwa wanagombea kiti cha nyuma yake. Januari iliyopita, shule zimefungwa, Rewi alichukua mshipi wake akaenda kuvua kwenye mwamba wa mbele wa ghuba, peke yake, na wimbi likamchukua.

Hakuonekana siku hiyo wala ya pili. Wazee wakafunga bahari jioni ileile, marufuku tunayoiita rahui, na wewe ni mtu wa pwani hii sina haja ya kukueleza mengi, mtu wetu akiwa majini hatutoi kitu wala hatuli kitu cha maji yale mpaka apatikane na wazee waje waifungue kwa sala, kwa sababu ukila kilichomo ni kama unakula, basi, hata kuandika siwezi. Vibao viliwekwa barabarani na pale maboti yanapoteremshwa, na kwa kuwa nyumba ya buluu ina ngazi zake za kushukia mwambani nikapewa na mimi kibao changu, kipande cha mbao kimeandikwa kwa rangi nyekundu BAHARI IMEFUNGWA, nikitundike juu ya ngazi kabla wageni hawajafika. Nilikitia kwenye buti ya gari, na hakijatoka humo. Nilisema nitakitundika baadaye, Shangazi, na huo ni uongo, kwa sababu msumari nilikuwa nao na nyundo nilikuwa nayo.

Nilichokuwa nakiogopa ni hiki. Mwaka uliotangulia kuna wageni walinipa nyota mbili kwa sababu mwani ulinuka, mwani, kana kwamba mimi ndiye ninayeuleta ufukweni, na tangu siku hiyo kila mgeni akiondoka napanda kwenye tangi kutazama simu kaniandika nini. Nikawaza, mtu kafunga safari kutoka Auckland na familia yake, unampokeaje kwa kumwambia majini kuna maiti? Atageuza gari. Au atabaki halafu aende kusimulia kwamba huku watu bado wanaogopa mizimu. Na nilipoona majina yao ni ya Kihindi nikajisemea hawa watakuja na masanduku yao ya mchele na dengu, mwambani hawatashuka, ya nini kuwatia hofu. Ndivyo nilivyojisemea, siongezi wala sipunguzi.

Walifika siku ya tatu ya msiba, Vinesh na mkewe Sarojini na binti zao wawili wakubwa, watu wapole kabisa, viatu walivivua mlangoni bila kuambiwa. Sarojini alipopokea ufunguo aliniuliza, "Dada, pale barabarani tumepita kibao chekundu, gari lilikuwa mbio hatukuwahi kukisoma. Kuna nini?" Nikamjibu, "Ah, hayo ni mambo ya maboti tu, hayawahusu." Aliniuliza, Shangazi, waziwazi, na hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Kesho yake mchana nilikuwa jikoni kwa Dada Kararaina, mimi na yeye na mdogo wake Mihiata aliyetoka mjini kuja kukaa naye, tunakunywa chai, watu bado walikuwa wanamtafuta upande wa pili wa ghuba na kila tukisikia gari tulikuwa tunainua vichwa. Mara tukasikia hodi. Alikuwa Sarojini, kajifunga mtandio safi, mikononi ana bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Karibu," akasema Dada Kararaina bila kuinuka.

"Ahsante mama, sikai. Sisi ni wageni wa nyumba ya buluu. Kwetu hatupiki tukala wenyewe na jirani yupo, nimekuletea mchuzi, nimeutia nazi, pilipili kidogo tu."

"Mchuzi wa nini?" akauliza Mihiata.

"Wa kome."

"Wametoka wapi hao kome?"

"Hapo chini kwenye ngazi. Mume wangu kawatoa asubuhi, wanono kweli."

Mihiata aliinuka mpaka kiti kikaanguka. "Nyie watu hamna macho? Hamna masikio? Mtoto wa huyu mama yumo majini humo! Yumo humo mpaka sasa! Mmekuja kutulisha nini hapa?"

Bakuli lilimyumba Sarojini mikononi, mchuzi ukamwagikia vidole na ulikuwa wa moto, niliuona moshi wake, lakini hakuliachia lile bakuli. Dada Kararaina alikuwa analitazama bakuli. Kisha akauliza, polepole kama mtu anayeuliza njia, "Kwani hamkuambiwa?"

Sarojini akanitazama mimi. Na mimi nikatazama ndani ya kikombe changu cha chai.

"Tusamehe mama," akasema Sarojini. "Kosa ni letu. Tungeuliza vizuri."

"Toka na hilo bakuli," akasema Mihiata, "na huo mkosi wenu mtoke nao."

Waliondoka saa ileile, walikuwa wamebakiza siku tatu. Nilipoingia kusafisha nilikuta nyumba imefagiwa, shuka zimekunjwa, na nyuma ya tangi ardhi imechimbwa na kufukiwa vizuri, chakula chote kilichotoka baharini walikizika. Kwenye daftari la wageni Sarojini alikuwa ameandika ukurasa mzima, na haukuwa wa kwangu, juu kabisa aliandika "Kwa mama mwenye msiba." Anasema yeye amezaliwa Rakiraki, Fiji, kwenye mashamba ya miwa, na alipokuwa msichana, mkuu wa kijiji cha jirani alifariki, Wafiji wakaifunga bahari yao siku mia moja, na baba yake ambaye alikuwa Mhindi na hakuna aliyemlazimisha hakuonja hata kaa mpaka siku ya mia na moja, alisema ukiishi karibu na watu unalia nao. Akamalizia, "Tungeambiwa, mama, tusingegusa hata ganda. Tutakuombea mwanao arudi." Hakusema nani hakuwaambia. Nikauchana ule ukurasa. Nilijiambia sitaki wageni wengine wausome, nikautia kwenye droo ya vijiko nyumbani kwangu, na uko humo mpaka leo.

Rewi alipatikana siku ya sita. Tukampeleka kwenye marae, ukumbi wetu wa ukoo, tukamlilia siku tatu, na mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu tukimenya viazi vitamu vya watu mia mbili. Humo jikoni Mihiata aliisimulia ile habari ya bakuli, kila akija mtu mpya anaanza upya, na kila mara inaongezeka chumvi. "Bahari ilichukia," akawa anasema, "ndiyo maana ikakaa naye siku mbili zaidi." Mmoja akasema wageni wa siku hizi hawana adabu. Na mimi nikaitikia, Shangazi. Nilisema, "Hawana kabisa, wanafikiri kila kitu ni picha za likizo." Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu, kisu mkononi.

Sasa mwaka unakwisha. Dada Kararaina tunasalimiana vizuri, hajawahi kunitolea neno baya, ila amechoka, amekuwa mtu wa kusahau, hata mwezi wa tatu alinirudishia ule ufunguo wa akiba, kaufunga kwenye leso, akasema siku hizi hakumbuki vitu, nikae nao mwenyewe. Kwa hiyo mambo yangekuwa yametulia, lakini wiki iliyopita nimepata ujumbe wa Sarojini. Amesikia kutoka kwa muuguzi mwenzake mwenye ndugu huku kwamba Januari, mwaka ukitimia, tunafunua jiwe la kaburi la Rewi kama ilivyo mila, na anaandika hivi: "Dada, tangu mwaka jana sijalala vizuri. Tunaomba nyumba siku hizo mbili, si kwa mapumziko, tuje kuomba radhi ana kwa ana mbele ya watu wake. Lakini wewe ndiye unayejua mila, utuambie kama inafaa. Ukisema haifai hatutakuja."

Nimeshaandika jibu kwamba nyumba imejaa. Sijalituma. Nyumba haijajaa, iko tupu. Wakija, watasimama mbele ya marae nzima kuomba radhi kwa kosa langu, au Mihiata atawafukuza, au mtu atauliza lile swali tena, "Kwani hamkuambiwa?" na safari hii sitakuwa na kikombe cha kutazama. Nikisema ukweli nampoteza Dada Kararaina, na yeye ndiye mtu pekee niliyebaki naye hapa duniani wa kuniita kwa jina langu la utotoni. Niambie, Shangazi, si bora niwaandikie hao wageni kwa upole kwamba haifai, wao wapumzike, na yule mama naye apumzike? Kuna faida gani kufukua jambo ambalo mwenyewe hata halijui?

Naona haya hata kusaini.

Mwenye Nyumba ya Buluu


SHANGAZI RIPEKA ANAJIBU

Mwenye Nyumba ya Buluu,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekukasirikia kama ulivyotabiri, kwa hiyo mpaka hapo tunaelewana.

Tuanze na la rahisi. Ule ujumbe wa nyumba imejaa, ufute. Ufute sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua wewe ni mtu wa kusema baadaye.

Umefuta? Haya.

Pole, dada yangu. Nasema pole kwanza kwa sababu hapo mwanzo kabisa hukuwa na nia mbaya. Ulikuwa mwanamke mpweke anayeogopa kusemwa vibaya na watu asiowajua, na ugonjwa huo unao wewe, ninao mimi, na anao kila mtu huku pwani aliyefungua nyumba yake kwa wageni. Tumekuwa watu wa kuhesabu nyota kama watoto. Kibao kile kukiacha garini ni kosa, lakini ni kosa la saa moja, mtu angeweza kulirekebisha kabla ya chakula cha jioni. Sarojini alipokuuliza barabarani kuna nini, mlango ulikuwa wazi. Ungesema tu, "Mwenzetu kazama, bahari tumeifunga, nisameheni nimechelewa kuwaambia." Ukasema mambo ya maboti. Na hapo, bibie, ndipo kosa lilipogeuka kuwa dhambi.

Tena usinidanganye kwamba ulikuwa unawaonea wageni huruma. Ulikuwa unatuonea haya sisi. Uliona haya mila ya baba yako mbele ya watu wa mjini, ukafikiri wataicheka. Kumbe uliyemkaribisha alikuwa anaijua tangu utoto wake, baba yake aliishika siku mia bila kulazimishwa na mtu, wakati wewe uliyezaliwa nayo ilikushinda siku moja. Uliwatazama rangi na majina ukaamua moyoni kwao kuna nini na hakuna nini. Hili nalisema mara moja tu, lakini nataka likuume.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako mgeni alikuja na ukapona kweli, ila ulipona kwa kumtwisha yeye mzigo. Yule mama alisimama jikoni kwa watu na mchuzi unamchoma vidole, akiwa na neno moja tu la kusema, "Dada huyu hapa alituambia ni mambo ya maboti," na neno hilo hakulisema. Alikusitiri mtu asiyekujua. Wewe ulimlipa kwa kumsengenya juu ya karai la viazi.

Sasa nije kwenye swali lako, kwamba kuna faida gani kufukua jambo ambalo mwenyewe halijui.

Mume wangu aliwahi kuligonga gari la shemeji yangu akiwa anarudi nyuma uani kwetu. Akanyamaza miaka minne. Kila Krismasi ananunua nyama nyingi kuliko uwezo wetu, kila shemeji akija yeye ndiye wa kwanza kumpokea mizigo. Siku alipokuja kujikaza akasema, shemeji akamwambia, "Nilikuona dirishani, siku ileile. Nilikuwa nangoja uwe mtu mzima." Tulicheka sana, lakini miaka minne ile haikurudi, zamani walikuwa wakivua pamoja, na miaka hiyo yote hawakuvua.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya jambo moja uliloliandika haraka haraka katikati ya mengine kana kwamba halina uzito. Umesema Dada Kararaina siku hizi ni msahaulifu, kwa hiyo kakurudishia ufunguo.

Mpenzi wangu. Mtu hasahau ufunguo ulio kwenye msumari ule ule jikoni kwake miaka thelathini. Mtu anayesahau vitu ndiye anayeuacha hapo hapo. Na mtu asiyekumbuka haufungi kwenye leso. Yule mama aliuliza swali lake, "Kwani hamkuambiwa?" na akamwona mgeni anamtazama nani, na akamwona huyo aliyetazamwa anatazama wapi. Alikuwa mita mbili kutoka kwako. Kafiwa, hakupofuka. Akangoja umzike mwanawe pamoja naye. Akangoja matanga yaishe. Akangoja Februari. Mwezi wa tatu akachoka kungoja akakurudishia ufunguo wako, na wewe ukasema kazeeka.

Huwezi kumpoteza kwa kusema. Umekwisha kumpoteza kwa kunyamaza, mnachosalimiana kila asubuhi ni adabu yake tu. Kinachobaki ni kama unamtaka tena.

Kama unamtaka, fanya hivi.

Nenda wiki hii, mchana, Mihiata akiwa hayupo. Usimsubiri Sarojini afike ndipo ujikakamue, mgeni hawezi kuwa shahidi wako na ngao yako kwa pamoja. Usiende na keki. Usiende na samaki, Mungu atusaidie. Ukifika piga hodi kama mgeni usimame mlangoni mpaka aseme karibu, ingawa umezoea kuingia bila kugonga.

Mwambie: "Kibao nilipewa sikukitundika. Waliniuliza nikawadanganya. Ulipouliza mbele yangu nilinyamaza." Maneno hayo matatu, kwa mpangilio huo, na yasifuatwe na "lakini." Ukijisikia unataka kueleza habari za nyota mbili na mwani, jing'ate ulimi. Habari hizo ni za kunieleza mimi, si za kumweleza yeye. Kisha mpe ule ukurasa. Ukurasa ule ni barua yake, umeandikwa jina la msiba wake juu, mgeni alimwandikia mama aliyefiwa na wewe umeuweka na vijiko mwaka mzima. Mwache ausome mwenyewe, kwa mwendo wake. Kama anataka miwani, msubiri atafute miwani.

Akilia, kaa. Akisema toka, toka. Akikutukana, itikia kila neno ambalo ni kweli, na nadhani mengi yatakuwa kweli.

Kibao kilichomo kwenye buti, kirudishe kwa wazee waliokupa, uwaambie kwa nini ni kipya. Watakusema. Mwache na Mihiata akuseme, na ukiwa unasemwa ndipo umwambie kwamba wale watu hawakuwa na hatia, ili akirudia hadithi yake jikoni, na atairudia, aisimulie ilivyo. Kuhusu bahari kuchukia na kumshika marehemu siku mbili zaidi, mimi sina elimu hiyo na Mihiata hana. Hilo waulizwe wazee, na wewe usilibebe kabla hujaambiwa na mwenye kujua. Unayo ya kwako ya kutosha.

Halafu ndipo umwandikie Sarojini. Hakukuuliza kama nyumba ina nafasi, alikuuliza kama inafaa, na jibu la hilo si lako wala si langu, ni la mama wa Rewi. Kamuulize. Akisema waje, waandikie waje, na siku hiyo wakiitwa kuingia marae wewe usikae upande wa wenyeji. Utoke ukasimame nao nje ya lango, uingie nao kama mmoja wao, na wakati wa kusema ukifika wewe ndiye utangulie kumwendea yule atakayewasemea wageni, umwambie aliyekosa ni nani ili alitamke mbele ya watu. Akisema wasije, waandikie hivyo pia, na umwambie Sarojini kwa mkono wako kwamba mama amesoma barua yake na anajua kuwa waliuliza. Alale. Mwaka mzima hajalala kwa ajili yako.

Na ile karatasi ya friji uiandike upya. Mstari wa kwanza kabisa, kabla ya maji ya tangi na takataka, waambie kuna siku bahari yetu hufungwa, na waambie kwa nini, bila kuomba msamaha kwa kuwa tulivyo. Atakayegeuza gari, mwache ageuze.

Limebaki moja. Siku ukienda kwa Dada Kararaina, chukua na ule ufunguo, ukiwa bado kwenye leso yake. Ukimaliza kusema, uweke mezani. Usimwombe aupokee, usimweleze ni wa nini, anaujua kuliko wewe. Uweke, uage, uende zako nyumbani. Usichungulie dirishani kwake kesho yake, wala kesho kutwa. Siku moja mgeni wako atajifungia nje na wewe hupo, na utakaporudi ndipo utajua kama alifunguliwa.

Shangazi Ripeka